Riwaya Bila Mtihani

Kama riwaya ya mwisho uliyoisoma kwa Kiswahili ni ile uliyoifanyia mtihani, basi una ugonjwa ambao wengi wetu tunao. Dalili zake zinajulikana. Unafungua kitabu, na kabla hujamaliza sura ya kwanza umeshaanza kuwinda dhamira. Mhusika akilia, unajiuliza analilia tabaka gani. Ukifika mwisho unaweza kutaja ujumbe, falsafa, migogoro na tamathali za usemi, ila mtu akikuuliza kama kitabu kilikupendeza, unababaika.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kusoma pamoja na watu wazima wenzako, bila mwalimu na bila alama. Iite klabu ya vitabu au kikundi cha usomaji, jina si kitu. Lakini si kila kikundi kinaponya. Vingine hugeuka kuwa darasa la fasihi la jioni, tofauti ikiwa ni chai tu. Kinachoamua ni mambo mawili: kitabu mnachoanza nacho, na swali mnaloulizana mkishakisoma. Mengine, yaani siku gani, kwa nani, na nani analeta maandazi, yatajipanga yenyewe.

Watu sita au saba wanatosha. Wakipungua hapo, wawili wakiuguliwa hakuna kikao; wakizidi kumi, wawili watasema na wengine watakuwa hadhira. Usikusanye marafiki watupu, maana marafiki wa siku nyingi wakikaa pamoja huishia kwenye ada za watoto na bei ya mchele. Chukua jirani, mfanyakazi mwenzako, binamu anayependa kubisha. Mwalimu wa Kiswahili akitaka kuja mkaribishe kwa heshima zote, ila mwombe madaftari ayaache nyumbani. Na ukiweza, mtafute kwa makusudi mtu aliyekulia Unguja au Pemba, au walau Mombasa. Sababu yake utaiona mbele.

Kitabu cha kwanza

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokufa. Watu wamekutana, wamejaa ari, na kwa kuwa wanataka kuanza na jambo la maana wanachagua Shaaban Robert. Simlaumu mtu. Kusadikika ni kitabu chembamba, kilitoka mwaka 1951 chini ya utawala wa Waingereza, na kesi ya Karama anayeshtakiwa kwa kufundisha sheria katika nchi inayoelea angani ina ujasiri ambao hadi leo unamsisimua anayejua kiliandikwa vipi na lini. Lakini kimejengwa kwa hotuba. Karama anasimama mbele ya mfalme na kuwasimulia wajumbe sita, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliporudi nyumbani alitupwa gerezani. Msomaji ambaye miaka 15 hajashika riwaya anachoka kwa mjumbe wa tatu, anaona aibu kukiri, na kikao kinachofuata anaomba udhuru. Kiweke Kusadikika kiwe kitabu cha nne au cha tano, wakati kikundi kimeshazoea kukaa na maneno.

Anza na kitabu kinachomfanya mtu achelewe kulala. Mimi hupendekeza Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichoshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 na kuchapishwa mwaka 1960. Kuna mauaji, kuna Bwana Msa na kiko chake, kuna sahibu yake Najum ambaye daima yuko hatua moja nyuma, na kuna Kiswahili cha Unguja kitamu hivi kwamba hata asiyejali muuaji ni nani ataendelea kusoma. Uzuri wa riwaya ya upelelezi kwa kikundi kipya ni kwamba hakuna anayeogopa kuonekana mjinga. Kila mtu alimshuku mtu fulani, na kila mtu ana la kusema.

Vilevile usiwadharau Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba na Joram Kiango, mashujaa wa riwaya zao, ndio waliowafundisha watu wengi kusoma kitabu kwenye basi, na wahakiki waliovibeza vitabu hivyo hawakufanikiwa kuwafanya watu wengi hivyo wasome kitu kingine chochote. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ni fupi na inafaa kwa kikundi ambacho hakijiamini.

Njia nyingine ya kuanza ni kurudia kitabu cha shule. Aliyesoma Tanzania atakumbuka Takadini na Watoto wa Mama N'tilie. Aliyesoma Kenya, Siku Njema au Kidagaa Kimemwozea. Wengi hudhani watachoka. Kinachotokea ni kinyume. Ukiwa na miaka 16 uliisoma Watoto wa Mama N'tilie ukiwa upande wa Peter na Zita, watoto waliofukuzwa shule na kuishia jalalani. Sasa una watoto, umewahi kuhesabu bei ya mkaa, na ghafla ni mama ndiye anayekushika roho. Hata Lomolomo, mume mlevi uliyemchukia kwa moyo wote, unamtazama tena, si kwa kumsamehe, ila kwa kuwa sasa umeshawajua akina Lomolomo wawili watatu na unajua kwamba hawakuzaliwa vile. Kitabu ni kilekile. Swali la kuulizana kwenye kikao hicho ni jepesi: nani ulimpenda wakati ule, na nani unampenda leo?

Kupata nakala

Hili litakusumbua kuliko lolote, kwa hiyo lianze mapema. Riwaya nzuri za Kiswahili huchapishwa, huisha, kisha hupotea miaka mingi. Msichague kitabu kabla ya kujua nakala zipo ngapi. Kwa Dar es Salaam, pitia duka la TPH pale Samora, halafu uwaulize Mkuki na Nyota, ambao wamechapisha baadhi ya riwaya zinazotajwa hapa. Nairobi na Mombasa, maduka makubwa ya vitabu hujaza vya shule tu, lakini vya shule ndivyo tunavyovitaka mara nyingi. Wauza vitabu wa mitumba wanaotandaza chini katikati ya mji wanajua mali yao kuliko watu wa madukani. Waachie namba yako na orodha, watakupigia. Maktaba usizisahau. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na McMillan Memorial jijini Nairobi, zina vitabu ambavyo hakuna duka linavyo.

Kuhusu fotokopi na yale mafaili yanayozunguka kwenye simu: najua, nawe unajua. Kitabu kikiwa hakipatikani popote, sitakuhubiria. Kikiwa kipo dukani, kinunue, hata kama mtachangia nakala mbili mkapokezana. Mwandishi wa Kiswahili hana pato jingine kutokana na kitabu hicho.

Mkiwa na matoleo tofauti, namba za kurasa hazitalingana. Elekezaneni kwa sura, au kwa maneno ya kwanza ya aya.

Nyumbani

Kurasa 10 kwa siku zinamaliza kitabu cha kurasa 200 kwa siku 20. Nasema hivi kwa sababu watu hushindwa si kwa ugumu wa kitabu bali kwa kungoja Jumamosi tulivu ambayo haiji. Soma kwenye daladala, soma ukingoja maharage yaive, soma kwenye foleni ya benki.

Usitafute kila neno kwenye kamusi. Ukisoma Shafi Adam Shafi au Said Ahmed Mohamed na wewe ni mtu wa Mwanza au Nakuru, utakutana na maneno usiyoyajua kila ukurasa, na ukisimama kwa kila moja kitabu kitageuka kuwa orodha ya msamiati. Pita. Maneno mengi yatajieleza kabla ya ukurasa kwisha. Yale yaliyobaki yapigie mstari kwa penseli uje nayo kikaoni, na hapo ndipo yule mtu wa Unguja anapolipa nauli yake. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, ni msaada mkubwa, nami ninayo mezani. Lakini haiwezi kukuambia kwamba neno fulani lilikuwa la kutaniana, kwamba bibi ya huyo mtu wa Unguja alilisema akiwa na hasira tu, au kwamba mtu mwenye staha hatalitamka mbele ya mkwewe. Nimeona kikao kikikaa robo saa juu ya neno moja la namna hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Jambo jingine la nyumbani: usisome uhakiki wala mwongozo wa mtu mwingine kabla ya kikao. Baada ya kikao soma upendavyo. Kabla yake utakuja na mawazo ya mtu asiyekuwepo, na wenzako watayatambua papo hapo kwa sababu yamepangwa vizuri mno.

Kikao

Kila kitabu kiwe na mtu mmoja wa kuendesha mazungumzo, na zamu izunguke. Kazi yake si kueleza kitabu. Ni kuja na maswali matatu na kuhakikisha aliye kimya amepata nafasi kabla ya msemaji mkuu kurudi mara ya pili. Msemaji mkuu atakuwepo. Kila kikundi kina mmoja. Usimzime. Mpe kazi ya kusoma kwa sauti.

Kusoma kwa sauti, kwa kweli, ndiko kufungue kikao. Kila anayetaka asome aya moja iliyomkaa kichwani, bila kueleza kwa nini. Kiswahili cha riwaya kimeandikwa na watu waliokua wakisikia tenzi na hadithi zikisomwa kwa sauti, na kuna utani katika Mzimu wa Watu wa Kale ambao jicho hupita juu yake lakini sikio halikosi. Baada ya aya nne au tano mtakuwa mmeshajua mazungumzo yanataka kwenda wapi.

Kisha maswali. Swali baya ni lile lenye jibu: mwandishi anatufundisha nini kuhusu malezi? Watu wazima wakiulizwa hivyo hurudi darasani mara moja. Mmoja atasema wazazi wasiwe wakali sana, mwingine atasema wasiwe wapole sana, na wote watanyamaza. Swali zuri ni lile linalowagawa. Sikia tofauti kwa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuwahi kupigwa marufuku mashuleni. Usiulize kuhusu malezi. Uliza: Zakaria, baba yake Rosa, alimpiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana; je, alikuwa anamlinda Rosa au alikuwa anajilinda yeye na jina lake? Hapo baba mmoja kikaoni atajisogeza kwenye kiti. Binti wa mtu mwingine atasema jambo ambalo hajawahi kulisema mbele ya watu wa rika la baba yake, na atalisema kwa usalama, kwa kuwa anamzungumzia Rosa. Mkifika mwishoni, ambapo kesi inahamia mbele ya Mungu mwenyewe, msikimbilie kusema ni ishara ya nini. Ulizaneni kwanza: ungekuwa wewe ndiye hakimu, ungempeleka nani wapi?

Kwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, swali langu siku zote ni Bi Farashuu. Watu hupenda kumjadili Maksuudi, mwanasiasa mwenye sura mbili, lakini Maksuudi ni rahisi, hakuna anayemtetea. Mkunga Farashuu ana kisa chake na Maksuudi, kisa cha haki kabisa, na kisasi chake kinapita juu ya Maimuna, msichana aliyefungiwa ndani ambaye hakumkosea mtu. Je, Farashuu ana haki? Nimesikia watu wa heshima wakimtetea Farashuu kwa ukali ulionishangaza, na sikuwauliza sababu. Mwendesha mazungumzo naye asiwaulize. Kitabu kinatoa kivuli cha kusemea mambo yako bila kuyataja, na anayemvua mwenzake kivuli hicho hatamwona tena kikao kijacho.

Na Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ambayo nikilazimishwa kuchagua moja tu ndiyo nitakayoichagua. Zanzibar ya miaka ya mwisho ya ukoloni, Yasmin aliyeozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza aliye rika la baba yake, Denge na karatasi zake za siri, makachero wakimnyemelea. Kila mtu atataka kuzungumzia mapenzi ya Yasmin na Denge. Waache kidogo, kisha uliza: Yasmin alimpenda Denge, au alipenda uhuru aliouona mkononi mwa Denge? Wakishapandisha sauti, ongeza la pili: kwa nini tunamwita Denge shujaa na hatumwiti Mwajuma, shoga wa Ng'ambo aliyempokea Yasmin alipokataliwa na watu wake? Maoni yangu ni kwamba bila Mwajuma hakuna riwaya. Amil Shivji aliitengenezea filamu kitabu hiki mwaka 2021, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto. Mkiipata itazameni, ila baada ya kikao, la sivyo mtajadili sura za waigizaji.

Je, aliyekuja bila kumaliza kitabu? Akae, asikilize, asiombwe radhi mwisho wa kitabu ukifichuliwa. Asiyefungua hata ukurasa mara mbili mfululizo anatafuta chai, na chai inauzwa popote.

Vitabu vigumu

Itafika siku mtu atapendekeza Nagona au Mzingile, vitabu vya Kezilahabi vya mwaka 1990 na 1991. Ni vyembamba, na wembamba huo umewadanganya wengi. Hakuna kisa cha kufuata kwa njia ya kawaida; mahali hapana jina, wakati haueleweki, na ukitaka kujua nini kilitokea hutapata jibu. Msivisome kwa mwezi mmoja na kuja kuvijadili vyote. Chagueni sura moja, isomeni pamoja kwa sauti mkiwa mmekaa, kisha simulianeni mlichokiona. Kikao kimoja kwa sura moja. Wapo watakaosema ni upuuzi, na waruhusiwe kusema hivyo. Kitabu kinachoitwa kikubwa hakipaswi kulindwa na wasomaji wake.

Kwa vingine vyote wekeni kanuni ya kurasa 50. Aliyefika hapo na bado anasoma kwa kusukumana, aache, aje kikaoni aeleze alipoishia na kilichomchosha. Maelezo hayo mara nyingi huwa na faida kuliko sifa za waliomaliza. Katika kusoma Kufikirika cha Shaaban Robert tuliwahi kupata mazungumzo bora ya jioni nzima kutoka kwa mtu aliyekiacha njiani.

Tafsiri nazo zina nafasi yake. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa kwa mfanyabiashara Aziz kulipia deni la baba yake, na safari za misafara kwenda bara kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kwa mtu wa Bagamoyo, Tabora au Ujiji hiki si kitabu cha mbali. Kisomeni mkiwa na ramani mezani.

Kundi la WhatsApp mtaliunda, hakuna wa kulizuia. Litumieni kwa tarehe, mahali na habari za nakala, basi. Mkianza kujadili kitabu humo, wenye vidole vyepesi watamaliza yote kabla ya kikao, na kati yake zitapita salamu za asubuhi, matangazo ya mashamba na video za kuponya kisukari.

Limebaki suala la kuchagua kitabu kinachofuata. Msipige kura. Kura huchagua kitabu ambacho hakuna anayekichukia, na hicho ndicho kitakachowapa kikao cha baridi. Mwenye zamu apendekeze, kwa masharti mawili: awe ameshakisoma mwenyewe hadi mwisho, na aweze kuwaambia wenzake, kwa sentensi moja, ni wapi anadhani watagombana. Akishindwa sharti la pili, zamu imwendee wa pembeni yake.